Kisasi Katika Uwanda wa Kati

Februari 1974 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa toleo la 129 la jarida la katuni The Amazing Spider-Man, na ndani yake akatokea mtu mpya aliyeitwa Punisher. Mtunzi Gerry Conway hakumpa mabawa wala nguvu za kijini. Jina lake halisi ni Frank Castle, askari aliyerudi kutoka Vietnam, ambaye mkewe na watoto wake waliuawa na majambazi. Tangu siku hiyo hakumpeleka mtu polisi. Alihukumu mwenyewe na kuua mwenyewe, akiwa amevaa nguo nyeusi yenye fuvu jeupe kifuani. Filamu zake zilitoka mwaka 1989, 2004 na 2008, na hiyo ya mwisho, iliyoongozwa na Lexi Alexander, ndiyo yenye giza na damu kuliko zote.

Filamu za aina hii zilifika Dodoma kama zilivyofika kila mji wa Tanzania: kwanza kwa kanda za video, kisha kwa diski, ndani ya vibanda umiza vyenye mabenchi na pazia zito mlangoni. Wasiojua Kiingereza walisimuliwa. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alijenga umaarufu wake kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wa kigeni. Hadithi ya mlipa kisasi haikuwa ngeni kwa wasikilizaji hao. Baba zao walikuwa wamesoma Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, na kabla ya hapo walikuwa wamegombania majarida ya picha ya Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara aliyekuwa akipigana na majambazi ukurasa baada ya ukurasa.

Jambo moja katika filamu hizi lanihangaisha. Mtazamaji huonyeshwa uovu kwa macho yake mwenyewe kabla adhabu haijaanza. Anamwona muuaji akiua, anamwona polisi akipokea bahasha. Kwa hiyo Castle anapopiga risasi, hakuna aliye ukumbini anayeuliza ushahidi uko wapi, kwa sababu kamera imekwisha kutoa ushahidi wote. Uwanda wa kati wa Tanzania ulikuwa na walipa kisasi wake, tena kwa maelfu, na historia yao imeandikwa mahali pasipo na kamera.

Tuanzie Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wakiishi katika tembe zilizotawanyika, kila mji na zizi lake, wakihama kufuata malisho na ardhi yenye rutuba. Watemi wao walikuwa watu wa mvua na matambiko kuliko kuwa watu wa jela na viboko. Kesi ya ng'ombe aliyeibwa au ya damu iliyomwagika ilizungumzwa na wazee na majirani, na mara nyingi iliishia kwenye fidia ya mifugo. Mfumo huu ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa na kitu kimoja muhimu: mtuhumiwa alikuwepo, alisema, na jamaa zake walisema.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utemi kisheria, na mahakama za kienyeji zikaingizwa katika mfumo mmoja wa taifa ambao ngazi yake ya chini ni mahakama ya mwanzo. Nia ilikuwa njema, na siwezi kuililia enzi ya watemi walioteuliwa na Waingereza. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuwahamishia watu vijijini. Tembe ziliachwa, watu wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kuanzia mwishoni mwa 1973 amri ikawa ya nchi nzima, na Unyamwezi na Usukuma nako kukahamishwa. Mtu alijikuta jirani wa mtu asiyemjua ukoo wala tabia. Mwizi wa zamani alijulikana. Huyu wa sasa aliweza kuwa yeyote. Kule Isimani, kusini mwa Dodoma kwenye barabara ya Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi ya 1971, katika ugomvi uliotokana na ardhi na ujamaa. Alihukumiwa kifo na akanyongwa.

Polisi, ambao ndio walipaswa kujaza nafasi ya wazee, walikuwa wachache na walikuwa mbali. Na walipokuja, haikuwa heri kila mara. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako kuhusu mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa ili waseme, na baadhi yao walikufa mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa ameshika fimbo wala kutoa amri ya mateso, lakini Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake. Nchi yetu haina mifano mingi ya namna hiyo. Nawaomba wasomaji wamkumbuke Mwinyi wa mwaka huo, kwa sababu atarudi katika habari hii akiwa na cheo kingine.

Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilianza Oktoba 1978 na kumalizika mwaka uliofuata. Wanamgambo wa vijijini walikwenda Uganda na wengi walirudi salama. Bunduki nazo zilirudi, si zote kupitia ghala la jeshi. Uchumi ulikuwa umeanguka: sabuni haipo, nguo haipo, mafuta ya taa ni kwa kufahamiana. Katika nyika kati ya Tabora, Nzega, Kahama na Shinyanga, mabasi yalitekwa na mifugo ikaswagwa usiku kwa mtutu wa bunduki. Mfugaji aliyefuata nyayo za ng'ombe wake hadi kwa mwizi, akamfikisha kituoni, aliweza kukutana na mwizi huyo mnadani wiki ileile. Malalamiko haya yamo katika tafiti zilizofanywa kuhusu miaka hiyo: polisi wanahongwa, mahakimu wanahongwa, na shahidi anarudi nyumbani akiwa hatarini kuliko alivyotoka.

Kutokana na uchungu huo, mnamo 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na jirani zake, vikazaliwa vikundi vilivyokuja kujulikana kwa jina la wadudu weusi wanaotembea kwa kundi na kuuma, sungusungu. Upande wa Nzega na Tabora wengi walijiita Wasalama. Mwanaanthropolojia Ray Abrahams, aliyekuwa akiijua Unyamwezi tangu miaka ya 1950, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika habari zao. Baadaye Sufian Bukurura alizitazama kwa jicho la mwanasheria.

Ukiusoma muundo wao unaona kijiji kikijirudishia kilichonyang'anywa. Kiongozi aliitwa mtemi, cheo kilekile kilichofutwa 1963. Chini yake alikuwepo kamanda, aliyeongoza vijana wa kufuata nyayo, na katibu, aliyeandika majina na faini kwenye daftari la shule. Hapo utemi wa kale, jeshi na ofisi ya chama viliketi kwenye benchi moja. Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kuwa na upinde, mishale na filimbi. Silaha za jadi zilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa hazikuhitaji leseni na kila nyumba iliweza kuzitengeneza. Sehemu nyingi kulikuwa na dawa ya kuwakinga wapiganaji na kiapo cha kutotoa siri.

Nguvu yao kubwa ilikuwa mwano, yowe la hatari la Wasukuma na Wanyamwezi. Mwano ukipigwa, aliyeusikia aliuendeleza, na kijiji cha pili kikaupokea, na cha tatu, mpaka njia zote za kutorokea zikawa na watu wenye mishale. Asiyetoka alitozwa faini, naye alianza kutiliwa shaka. Mwizi mwenye bunduki anaweza kuwatisha watu kumi, lakini hawezi kuvuka wilaya nzima iliyoamka. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana katika maeneo hayo, na watafiti wanakubaliana juu ya hilo. Watu walilala. Anayezungumzia sungusungu bila kuanza na usingizi huo hawatendei haki wanakijiji wale.

Kilichofuata baada ya kukamatwa ndicho kigumu kukisimulia. Mtuhumiwa aliletwa mkutanoni, mara nyingi mahali pa faragha porini. Alitakiwa akiri, na awataje wenzake. Asipokiri alifungwa kamba na kuchapwa. Aliyekiri alilipa ng'ombe. Aliyekataa, au aliyelipa kisha akarudia, alitengwa, na kutengwa kwa kijiji cha uwanda wa kati kulikuwa kifo cha polepole: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto wala maji, hakuna wa kuja msibani kwake, na aliyevunja mwiko huo alitozwa faini naye. Wengine walifukuzwa kabisa na kuacha mashamba yao. Wengine waliuawa.

Orodha ya watuhumiwa haikuishia kwa wezi. Mahali pengi sungusungu walichukua pia kazi ya kuwasaka wachawi, na hapo waliosimamishwa mbele ya mkutano walikuwa zaidi wanawake wazee. Mwizi wa ng'ombe huacha nyayo za kwato. Mchawi haachi nyayo zozote. Anatajwa na mganga, na jirani mwenye mtoto mgonjwa, na shemeji anayelitaka shamba. Macho mekundu ya mama aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini yalihesabiwa kuwa ushahidi. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeshughulika na jambo hili kwa miaka mingi, alinukuu hesabu ya serikali kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Hesabu hiyo si ya sungusungu. Inaanza miaka zaidi ya kumi kabla yao, na wauaji wengi walikuwa watu wa kukodiwa waliokuja usiku na panga. Lakini chombo kilichozaliwa katikati ya mauaji hayo kilipojipa mamlaka ya kuhukumu wachawi, kiliwakuta wanawake hao wakiwa tayari hawana mtetezi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo inaadhibu pia kumtuhumu mtu uchawi nje ya utaratibu, haikuwasaidia. Polisi wa kuisimamia walikuwa walewale ambao kijiji kilikwisha kuwakatia tamaa.

Serikali haikujua ifanye nini. Polisi na mahakama waliona uhalifu, na baadhi ya viongozi wa vikundi walikamatwa na kushtakiwa. Chama cha Mapinduzi kiliona wananchi wakijilinda, jambo ambalo kilikuwa kimelihubiri miaka yote, na viongozi wake waliwatetea hadharani. Hali ya nchi yenyewe iliegemea upande wa haraka. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria ya mwaka huo iliunda baraza maalum ambalo mbele yake mtuhumiwa hakuruhusiwa wakili. Sokoine alipendwa na bado anapendwa, kwa kuwa alikuwa mwadilifu na alichukia walanguzi kwa dhati. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, njiani kutoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, na mwaka huohuo sheria ile ikabadilishwa, kesi hizo zikarudishwa kwenye Mahakama Kuu. Kumbe hata dola ilikuwa imeionja hamu ya hukumu isiyo na maswali.

Sungusungu walizidi kuenea, kutoka Shinyanga na Tabora hadi Singida, Dodoma na mikoa mingine, kila mahali wakibadilika kufuata wenyeji. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha Sheria namba 9 ya marekebisho ya sheria za mgambo, iliyowapa sungusungu na vikundi vingine vya ulinzi wa jadi mamlaka ya kukamata sawa na ya askari polisi. Rais alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mtu aliyeacha uwaziri kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa polisi ndiye ambaye chini ya urais wake mamlaka ya polisi yaliwekwa mikononi mwa kijiji. Simlaumu kwa unafiki. Serikali ya miaka ile, yenye hazina tupu, isingeweza kuweka kituo cha polisi kila kata, na wananchi walikuwa wamekwisha kuweka chao. Lakini sheria ilitoa nguvu ya kukamata bila kuwafundisha wakamataji namna ya kumsikiliza mtu, na bila kumwekea aliyeonewa njia ya karibu ya kulalamika. Miaka michache baadaye, Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, zamu za sungusungu zilizunguka hata mitaa ya miji, kila nyumba ikitoa mtu wa kukesha.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likikua polepole. Mabadiliko ya Katiba ya 1984 yaliingiza kwa mara ya kwanza haki za binadamu katika Katiba ya Tanzania, na tangu Machi 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Jaji aliyezichukua kwa uzito kuliko wengi alikuwa James Mwalusanya. Alianza kujulikana akiwa Mwanza, katika eneo lenyewe la sungusungu. Mwaka 1990 alitoa hukumu maarufu ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyompa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Kisha akaja Dodoma.

Hapo Dodoma, tarehe 22 Juni 1994, alitoa uamuzi katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake. Watu hao wawili walikuwa wamepatikana na hatia ya kuua. Swali lilikuwa adhabu. Sheria ilimlazimisha jaji kutamka kifo kwa kunyongwa, na Mwalusanya akakataa. Alisema kunyonga ni ukatili na udhalilishaji unaokatazwa na ibara ya 13 ya Katiba, na kwamba kunavunja haki ya kuishi ya ibara ya 14. Alieleza yanayomkuta mtu anayesubiri kamba kwa miaka. Alieleza pia kwamba maskini asiyeweza kuweka wakili wa maana ndiye anayenyongwa, na kwamba mahakama ya wanadamu hukosea, na aliyekwisha kunyongwa harudishiwi haki yake. Akawahukumu kifungo cha maisha.

Kwangu mimi hii ndiyo siku kubwa kuliko zote katika historia ya adhabu nchini, na ilitokea katika mji ambao wengi huukumbuka kwa vikao vya chama na vumbi. Mbele ya jaji walisimama wauaji kweli, hatia yao imethibitishwa, watu ambao katika filamu ya Punisher wasingefika dakika ya ishirini. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akaiuliza dola yenyewe ina ruhusa gani ya kuua.

Jamhuri ilikata rufaa. Tarehe 30 Januari 1995 Mahakama ya Rufani, majaji Makame, Ramadhani na Lubuva, ilikubali kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na yenye kudhalilisha. Lakini ilisema ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu sheria ya namna hiyo kwa manufaa ya jamii, na kwamba ni juu ya jamii kuamua lini iachane nayo. Hukumu ya kifo ikarudishwa. Hoja za Dodoma hazikufa kwa rufaa hiyo. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilizijadili katika kesi ya Makwanyane, ikafuta kunyonga katika nchi ile. Tanzania nayo haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, ingawa hukumu zimeendelea kutolewa. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo pasipo kumpa nafasi ya kupima mazingira ya mtu kunavunja haki ya kuishi. Mwalusanya alikuwa amelisema hilo robo karne kabla, kilomita mia chache kusini.

Nje ya kuta za mahakama mambo yamekwenda kwa mwendo mwingine. Sungusungu bado wapo vijijini, wengine wakifanya kazi nzuri ya ulinzi shirikishi pamoja na polisi, wengine wakiingia magazetini kwa kupiga na kutoza faini za uonevu. Katika miji, mwizi wa simu au wa pikipiki anapopigiwa kelele, anayemfikia kwanza si mtemi wala kamanda. Ni wapita njia, na taarifa ya kesho yake husema aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti mauaji ya namna hii kwa mamia kwa mwaka. Ni nadra mtu kufikishwa kizimbani kwa ajili yake. Mkutano wa sungusungu wa 1982, pamoja na ukatili wake wote, ulikuwa na katibu aliyeandika jina la mtuhumiwa daftarini na watu waliojulikana kuwa walimhukumu. Kundi la barabarani halimuulizi mtu hata jina, na wengi wa waliouawa hivyo walichomwa moto kabla ndugu zao hawajajua wako wapi.